Pombe ya Nyumbani Ugenini: Historia ya Muratina, Busaa na Chang'aa katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambayo kwa jumla huitwa Eastlands, iliwekwa kwa ajili ya watu ambao serikali ya kikoloni haikutaka waufanye mji kuwa kwao. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na Waafrika waliofika kutafuta kazi walihesabiwa kuwa wageni wa muda, wenye vipande vya utambulisho shingoni, ambao wangerudi vijijini mara mikataba yao ikimalizika. Wageni hao walikuja na ujuzi ambao hakuna kipande kilichouandika, nao ni ujuzi wa kuchachua asali, miwa na nafaka hadi zikawa pombe. Historia ya ujuzi huo husimuliwa mara nyingi kama historia ya ulevi na uhalifu. Lakini mtu akifuatilia sheria zilizotungwa tangu miaka ya 1920 hadi mwaka 2010, ataona kwamba suala lililozozaniwa zaidi lilikuwa ni nani apate senti za mnywaji, na kwamba kila sheria mpya ilibadilisha kilichokuwamo ndani ya pipa.

Kabla ya kuwapo kwa mji, kila jamii iliyokuja kuchangia wakazi wa Eastlands ilikuwa na pombe yake, kwa kufuata kilichoota shambani. Waluhya na Wajaluo wa magharibi walitumia wimbi na mtama, na baadaye mahindi, kutengeneza pombe nzito ya nafaka ambayo mjini ilikuja kujulikana na wote kwa jina la busaa. Watu wa pwani waligema mnazi. Wakikuyu na Wakamba walichachua asali na maji ya miwa kwa msaada wa tunda la mwegea, mti mkubwa wenye matunda marefu yanayoning'inia kama soseji, na pombe hiyo Wakikuyu waliiita muratina kwa jina la tunda lenyewe. Kanuni ni moja duniani kote: sukari iliyomo katika tunda, asali au nafaka huliwa na hamira, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, nayo hugeuka kuwa kileo na hewa inayotoa povu. Wakulima wa Somerset nchini Uingereza na wa Normandy nchini Ufaransa walifanya vivyo hivyo kwa maji ya matofaa.

Muratina ilidai subira. Tunda la mwegea lilipasuliwa, likakaushwa juani, likachemshwa ili kupunguza uchungu wake, kisha likakaushwa tena, ndipo likatiwa katika maji kidogo ya miwa na asali na kuwekwa mahali penye joto kwa siku nzima. Baada ya hapo lilitolewa na kuanikwa, nyuzi zake zikiwa zimeshika hamira, na tangu siku hiyo tunda lilifanya kazi ya chachu: lilitumbukizwa katika kibuyu cha pombe mpya, likatolewa, likakaushwa na kuhifadhiwa kwa matumizi ya mara nyingine. Kibuyu chenyewe kiliwekwa karibu na moto wa jikoni ili baridi ya nyanda za juu isizuie uchachukaji. Kazi ya kukata, kutwanga na kukamua miwa iligawanywa kati ya wanaume na wanawake wa boma, na pombe ilipokuwa tayari haikupelekwa sokoni. Ilikuwa ya wazee, ya tambiko, ya kupatanisha waliogombana, ya kuwashukuru majirani waliosaidia shambani, na zaidi ya yote ya ruracio, yaani mazungumzo na malipo ya mahari.

Mjini mambo hayo yote yaligeuka kwa wakati mmoja. Hapakuwa na shamba la miwa wala mzinga, wazee walikuwa wachache, na walio wengi walikuwa vijana wa kiume wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi. Pombe iliacha kufuata majira ya mavuno ikafuata siku ya malipo, na iliacha kuwa zawadi ikawa bidhaa. Katika vijiji vya kwanza vya Waafrika, kikiwamo Pangani, waliotambua nafasi hiyo mapema walikuwa wanawake, ambao wengi walikuwa wamewaacha waume au wamefiwa nao, na ambao hawakuwa na njia ya kuajiriwa kwa kuwa ofisi, reli na nyumba za Wazungu zilitafuta wanaume. Utafiti wa Janet Bujra kuhusu wanawake wa Nairobi ya awali, uliochapishwa mwaka 1975, na kitabu cha Luise White cha mwaka 1990 kuhusu ukahaba katika mji huo wa kikoloni, vinaonyesha jinsi fedha za pombe, za vyumba vya kupanga na za kulaza wageni zilivyowawezesha baadhi ya wanawake hao kujenga nyumba zao wenyewe. Mwanamke asiyekuwa na haki ya kurithi ardhi kijijini aliweza kuwa mwenye nyumba mjini, akakusanya kodi na kuchagua mrithi wake.

Mapato hayo hayakupita bila kuonekana. Halmashauri ya mji ilihitaji fedha za kuwahudumia Waafrika, lakini walipakodi wa Kizungu hawakutaka kuzitoa, na jibu lilipatikana Afrika Kusini. Kule Natal, sheria ya mwaka 1908 ilikuwa imeruhusu miji kujitwalia haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza pombe ya nafaka kwa Waafrika, na mji wa Durban ulikuwa umeitumia faida yake kugharimia makazi na usimamizi wa Waafrika hao hao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati kitongoji rasmi cha Waafrika kilipofunguliwa Pumwani, mahali ambapo wakazi huita Majengo hadi leo, Nairobi iliuiga mfumo huo. Ukumbi wa pombe wa manispaa ulifunguliwa hapo hapo Pumwani, utengenezaji wa nyumbani ukapigwa marufuku, na faida ikaingizwa katika mfuko maalumu wa huduma za Waafrika.

Matokeo yake ni jambo ambalo historia nyingi za mitaa hiyo hulitaja kwa haraka. Ujumbe wa sheria haukuwa kwamba Mwafrika asilewe, bali kwamba alewe katika ukumbi wa halmashauri, kwa kipimo cha halmashauri na kwa bei ya halmashauri, kisha alichokilipa kimrudie kwa sura ya huduma ambazo katika sehemu za Wazungu ziligharimiwa kwa njia nyingine. Mwanamke wa Pumwani aliyekamatwa na debe la pombe chumbani mwake alitozwa faini kwa kosa la kufanya kile ambacho manispaa ilikuwa ikikifanya mita chache kutoka mlangoni pake. Wanywaji nao walipiga kura kwa miguu, kwa maana ukumbi ulikuwa na uzio, saa za kufunga na macho ya askari, ilhali nyumbani kwa mpika pombe kulikuwa na mkopo, mazungumzo ya lugha ya kwao na habari za nyumbani. Kwa hiyo pombe ya siri haikukoma, na Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na sehemu ya wakazi wake kuhamishiwa Shauri Moyo, ujuzi ulihama pamoja na masufuria.

Sambamba na biashara hiyo ya pombe iliyochachuliwa palikuwa na nyingine ya pombe iliyotoneshwa, yaani iliyochemshwa ili mvuke wake ukusanywe na kupozwa uwe kinywaji kikali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umewafunga wakoloni wa sehemu kubwa ya Afrika kuzuia vileo vikali visiwafikie wenyeji, na Kenya ilirithi katazo hilo. Hata hivyo Wanubi, yaani wazao wa askari wa Kisudani waliowekwa Kibra, magharibi mwa mji, walikuwa na ustadi wa kutonesha, na kinywaji chao, ambacho Wazungu walikiita jini ya Wanubi, kilienea hadi mashariki. Katika lugha ya mjini kilikuja kuitwa chang'aa. Kwa muda mrefu kilibaki nyuma ya busaa, kwa sababu mnywaji wa kawaida alitaka kitu cha kushibisha kama uji na kuburudisha kwa saa kadhaa, si kitu cha kumwangusha kwa mkupuo mmoja.

Bia ya chupa ilikuwa jambo jingine kabisa. Kampuni iliyokuja kuwa Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wa familia ya Hurst, kiwanda chake kikiwa Ruaraka, na kwa miaka mingi bidhaa yake ilikuwa ya Wazungu na Waasia pekee kwa mujibu wa sheria. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia katazo hilo lililegezwa, na mitaa mipya iliyojengwa katika miaka ya 1940 na 1950, kama Kaloleni, Bahati na Makadara, ilikuta mnywaji mwenye hiari tatu: bia ya chupa kwa karani mwenye mshahara mzuri, pombe ya ukumbini kwa kibarua, na pombe ya nyumbani kwa yeyote. Bia ya chupa ikawa alama ya hadhi, na alama hiyo ndiyo iliyoifanya ilengwe na siasa. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwezi Oktoba 1952, wafuasi wa Mau Mau mjini waliwaamuru Waafrika wasusie mabasi, sigara na bia ya Wazungu, kwa hoja kwamba fedha za Mwafrika zisimnufaishe mtawala wake. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ilianza Operesheni Anvil, msako uliouzingira mji na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na vibanda vya Mathare vilivyokuwa vimeota kando ya mto vilibomolewa katika kipindi hicho hicho.

Mathare ilirudi kwa kishindo uhuru ulipokaribia na baada yake, kwa kuwa watu waliopoteza ardhi katika misukosuko ya miaka ya 1950, na hasa wanawake wasiokuwa na waume, hawakuwa na pengine pa kwenda. Mtafiti wa anthropolojia Nici Nelson, aliyeishi na kufanya kazi katika bonde hilo katika miaka ya 1970, aliandika kwa undani jinsi busaa ilivyokuwa nguzo ya maisha ya wanawake hao. Kinachovutia ni kwamba wengi wao walikuwa Wakikuyu, watu ambao pombe yao ya asili ilikuwa muratina ya asali na miwa, si ya nafaka. Mji ulikuwa umechagua kwa niaba yao: unga wa mahindi ulipatikana katika kila duka, wimbi liliuzwa sokoni, na mteja alikuwa wa kabila lolote. Busaa ilikuwa pombe ya Waluhya na Wajaluo iliyopikwa na mwanamke wa Kikuyu na kunywewa na kibarua wa Kikamba, na kwa maana hiyo ilikuwa ya Nairobi kuliko ya mahali pengine popote.

Utengenezaji wake ulijaza wiki. Unga wa mahindi ulikandwa kwa maji hadi ukawa donge zito, ukafunikwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati pana au karai kubwa lililotegwa kwenye mafiga, huku mpishi akiugeuza kwa koleo mpaka ukawa chenga za rangi ya kahawia zenye harufu ya mkate uliobanikwa. Chenga hizo zilianikwa. Wakati huo huo wimbi lilikuwa limeloweshwa, likaoteshwa kwenye gunia lenye unyevu, likakaushwa na kusagwa, na unga huo wa nafaka iliyoota, unaoitwa kimea, ndio uliokuwa na uwezo wa kuugeuza wanga kuwa sukari. Chenga na kimea vilichanganywa na maji katika pipa, povu likapanda, na baada ya siku mbili tatu pombe ikachujwa kwa kitambaa au gunia na kuuzwa siku hiyo hiyo, kwa maana ya jana ilikuwa chungu na ya juzi ilikuwa ya kumwagwa. Mnywaji alipimiwa kwa mkebe, mara nyingi kopo tupu la mafuta ya kupikia, na ndiyo sababu mwanamke anayeuza pombe hujulikana hadi leo kwa jina la mama pima.

Kwa kuwa busaa haikai, biashara hiyo haikuweza kuendeshwa na mtu mmoja peke yake. Nelson alionyesha kwamba wanawake wa Mathare walinunuliana pombe kwa jumla, aliyekuwa na ziada akamkopesha aliyeishiwa, wakalindiana wateja, wakalea watoto wa aliyekamatwa na kuchangishana faini ya kumtoa. Askari walikuwa sehemu ya hesabu ya kila wiki, kama ilivyokuwa kuni na unga, kwani palipokuwa na leseni chache na wapishi wengi, hongo ikawa ndiyo kodi halisi ya biashara. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, ripoti iliyoipa dunia nzima mazoea ya kuziita shughuli ndogo zisizosajiliwa sekta isiyo rasmi, na iliyoitaka serikali iache kuwabughudhi watu wanaojitafutia riziki. Biashara ya pombe ya nyumbani ilikuwa mfano dhahiri wa shughuli hizo, lakini ilikuwa pia mfano mgumu kuutetea, kwa kuwa wanaume waliotumia mshahara mangweni walikuwa na wake na watoto waliosubiri posho nyumbani, na malalamiko ya wake hao hayakuwa ya kubuni.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanzoni mwa utawala wa Rais Daniel arap Moi, vilabu vya busaa vilivyokuwa na leseni viliamriwa kufungwa, na mwaka 1980 ikapitishwa sheria mahususi ya kupiga marufuku chang'aa. Hatua hizo mbili zilikusudiwa kupunguza ulevi, lakini zilipofanya kazi pamoja ziliondoa faida ya kutengeneza kinywaji hafifu. Anayepika kwa kujificha hutafuta bidhaa ndogo kwa ujazo, kubwa kwa thamani, isiyooza, na inayoweza kubebwa kwa mtungi na kufukiwa shimoni au kuzamishwa mtoni msako unapokuja. Busaa ilikuwa kinyume cha sifa zote hizo. Chang'aa ilizitimiza zote.

Kingo za mto Mathare zikawa viwanda vya wazi. Mchanganyiko wa nafaka iliyoota na sukari nguru au molasi, unaoitwa kangara, uliachwa uchachuke katika mapipa, kisha ukachemshwa kwa moto wa kuni. Ndani ya pipa la kuchemshia chombo kidogo kiliwekwa juu ya kangara, na mdomo wa pipa ukafunikwa kwa sufuria ya maji baridi na kuzibwa pembeni ili mvuke usitoroke. Mvuke uliogonga kitako cha sufuria uligeuka matone na kudondokea katika chombo kile, na maji ya juu yalipopata moto yalibadilishwa, kazi iliyoufanya mto kuwa muhimu kuliko kibanda. Mpishi mzoefu aliyatenga matone ya kwanza na kuijaribu pombe yake kwa kuwasha kiberiti. Ustadi huo ulikuwa na thamani, na kuharibika kwake kulikuwa na gharama. Ushindani na haraka vilipozidi, baadhi ya wauzaji waliongeza kemikali za viwandani ili kukipa kinywaji nguvu bila kusubiri, na hatari kubwa kuliko zote ilikuwa methanoli, kileo cha viwandani kinachofanana na kile cha kunywa kwa sura na harufu lakini ambacho mwilini hugeuka sumu inayopofusha macho na kuua. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa jijini, wengi wao katika vitongoji vya Mukuru, baada ya kunywa pombe ya bei rahisi yenye methanoli. Waliokufa walikuwa vibarua waliotafuta kinywaji wanachokimudu, na kinywaji hicho hakikuwa tena pombe ya nyumbani kwa maana yoyote ile: hakikuwa na nafaka, hakikuwa na kimea, wala hakikuwa na mpishi anayejulikana.

Serikali ilijibu kwanza kwa upande wa kodi. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza bia ya Senator, iliyofungwa katika mapipa na kupunguziwa ushuru kwa makusudi ya kumvuta mnywaji wa kipato cha chini aache pombe haramu. Jibu la pili lilikuwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo mjini iliitwa sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeiwasilisha, John Mututho. Sheria hiyo ilifuta ile ya mwaka 1980 na kuihalalisha chang'aa kwa masharti: itengenezwe kwa leseni, ifikie viwango, na iuzwe ikiwa imefungwa katika chupa ya glasi ya ujazo usiopungua mililita 250. Kwa mara ya kwanza tangu ukoloni, pombe ya kienyeji iliyotoneshwa ilikuwa na mlango wa kuingilia katika uhalali. Lakini mlango huo ulikuwa na kizingiti cha mashine, chupa, maabara na ada, mambo ambayo mama pima wa Mathare au Korogocho, mwenye mapipa mawili na moto wa kuni, hakuweza kuyamudu.

Ukiziweka hatua hizo kando kwa kando, mfumo wa Durban ulioigwa miaka ya 1920 na sheria ya mwaka 2010 havifanani kwa nia, kwa kuwa wa kwanza ulitafuta mapato ya kuendeshea ubaguzi na ya pili ilitafuta kuokoa maisha, lakini vinafanana kwa matokeo katika jambo moja: vyote viwili vilimtambua mnywaji wa Eastlands kama mteja, na havikumtambua mpishi wake kama mfanyabiashara. Muratina, ambayo ilikuwa imezidiwa na nafaka na baadaye na chang'aa, imebaki na heshima yake kwa kuwa haikuitegemea sana biashara ya mkebe. Familia za Kikuyu zilizokulia Buruburu au Umoja huiagiza bado kwa ajili ya ruracio, na mara nyingi hutoka kwa mtu wanayemjua kijijini. Busaa haikuwa na sherehe ya mjini ya kuitunza. Ilihitaji leseni ndogo kwa mpishi mdogo, na ukaguzi wa usafi wa maji na wa kimea badala ya msako wa usiku, na vilabu vya leseni vya kabla ya amri ya miaka ya 1970 vilikuwa vimekaribia jambo hilo kuliko chochote kilichofuata. Mkondo wa karne nzima unaonyesha kwamba mpishi hakuacha kupika kwa kukatazwa. Alibadilisha tu alichokipika, na kila alipobadilisha, kinywaji kilizidi kuwa kikali na mnywaji alizidi kuwa hatarini.